Ramani ya Mtoto Mwingine

Jina lilipojitokeza kwenye kioo cha kompyuta yangu Jumatatu asubuhi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, na nilikishika hivyo hivyo mpaka chai ikapoa. Atupele Mwakyoma. Miaka ishirini na miwili. Saratani ya mitoki. Chini yake amri ambayo huwa naiona kila wiki bila kushtuka: kitovu kitolewe, matibabu Alhamisi.

Mimi ndiye mtunzaji wa Hazina ya Vitovu hapa Tukuyu. Nimekaa humo miaka ishirini na mitano, tangu ni chumba kimoja na mafriji mawili, na vitovu vyote vilivyomo nimevipokea kwa mikono hii. Kazi yenyewe si ya kujitapa nayo. Mtoto akizaliwa, mkunga anakata kipande cha kitovu urefu wa kidole, anakitia kwenye kichupa, mimi nabandika jina na kukitumbukiza kwenye baridi. Daktari akikihitaji, hata baada ya miaka hamsini, nakitoa. Basi, hiyo ndiyo kazi.

Ila kichupa chenye jina la Atupele, kilichomo ndani si kitovu cha Atupele. Najua, kwa sababu ni mimi niliyekiweka.

Msinirukie kwanza. Sheria ya Vitovu ilipokuja, hakuna aliyetuambia ni ya nini hasa. Walikuja vijana wawili kutoka wizarani, wamevaa makoti mazito kama wameambiwa Tukuyu ni Ulaya, wakasema ni takwimu. Takwimu! Na huku kwetu wakati ule kitovu cha mtoto kilikuwa kinazikwa mgombani, chote, kisibaki hata uzi. Bibi ndiye anazika, mama anaangalia. Mtoto ambaye kitovu chake kimegawanywa walikuwa wanasema hatulii mahali, atatangatanga maisha yake yote. Sasa mwambie mama aliyezika watoto wawili kabla ya huyu kwamba cha huyu wa tatu kinakwenda kugandishwa kwa ajili ya takwimu.

Mama huyo alikuwa Subilaga, mama yake Atupele, rafiki yangu tangu tukiwa tunachuma chai. Alikuja na kile kichupa amekikumbatia, amejifungua juzi, bado anatembea kwa shida. Akaniambia, "Mama Lusajo, niachie changu. Andika umepokea. Nani atajua?" Alilia mpaka na mimi nikalia. Nikamwachia. Halafu nikachukua kichupa kingine kilicholetwa asubuhi ile, nikakata kipande kilichomo katikati, nusu nikaitia kwenye kichupa kipya, nikabandika: Atupele Mwakyoma. Nilijiona nina akili sana siku hiyo.

Habari kama hizo hazikai. Mwezi uliofuata akaja mwingine, analia vile vile. Nikaishia na kumi na saba.

Miaka kumi iliyopita ndipo tiba ya Mkunjo ilipogunduliwa, na ndipo tulipoambiwa vitovu vile vilikuwa vya nini. Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Lusajo wangu alikuwa anaingia sekondari, mume hayupo, na sheria ilikuwa imeshaongezwa meno: kuchezea kichupa, miaka saba jela. Nikajiambia watoto wenyewe ni wazima, wanaruka kamba, nani ataugua kati yao? Nilijiambia hivyo kila mwaka, na kila mwaka ilikuwa rahisi zaidi. Hata Atupele alipoanza kuumwa nilijiambia vidonge vitamtosha.

*

Sikukitoa kichupa. Nilipanda ghorofani kwa Daktari Nsajigwa kwa kisingizio cha saini.

Daktari Nsajigwa ni kijana mpole, mrefu, na anapenda sana kueleza. Mezani kwake ana rili ya uzi wa cherehani, ya kuwaelewesha ndugu wa wagonjwa. Nikamwambia, "Daktari, kila siku natoa vitovu na sijui mnavifanyia nini. Hebu nieleweshe na mimi, nisife mjinga."

Akafurahi, masikini. Akavuta uzi.

"Huu ni uzi wa jeni zako, Mama Lusajo. Ndani ya kila seli unao kama mita mbili. Hauwezi kukaa ovyo, kwa hiyo umezungushwa kwenye rili ndogo ndogo za protini. Hizo rili ndizo tunaziita histoni. Uzi ukikazwa, seli haiwezi kuusoma. Ukilegezwa, inausoma. Sasa nani anakaza, nani analegeza? Vimeng'enya. Viko vinavyobandika alama kwenye rili, na viko vinavyobandua. Mchana kutwa vinabandika, vinabandua. Mtu ni mzima hivyo vikielewana."

"Na huyu binti?"

"Huyu binti kimeng'enya chake kimoja cha kubandika kimepata wazimu. Kosa dogo tu kwenye jeni yake. Kinabandika alama ya 'kaza' kila kinapopita, mpaka kwenye zile jeni zinazoiambia seli 'inatosha, acha kuzaana.' Breki anayo, Mama Lusajo. Breki nzima kabisa. Imefungiwa tu, haisomeki." Akazungusha uzi kwenye rili, akaukaza, akanionyesha. "Tulimpa vile vidonge vya zamani vya kukizuia. Vilimsaidia miezi mitano, kisha ugonjwa ukapata njia nyingine. Sasa umebaki Mkunjo. Tunaingiza vimeng'enya vya kwetu vinavyofuata ramani ya kitovu, jinsi rili zilivyokuwa siku aliyozaliwa. Vinapita seli kwa seli, vinarekebisha."

Nikaweka karatasi mezani polepole. "Na ikitokea ramani si ya kwake?"

Akacheka. "Haitokei. Wewe ndiye unayevitunza."

"Tuseme imetokea, Daktari. Mahali pengine huko."

Akaacha kucheka, lakini hakunishuku. Alidhani namuuliza swali la kisomi. "Vimeng'enya vyetu havina akili. Vinakaza palipoandikwa vikaze. Kila mtu amepangwa kivyake, ramani ya mtu mwingine itafunga jeni za moyo, itafungua za ini. Panya tuliowajaribu hawakumaliza siku nne. Na hatuwezi kugundua mapema, kwa sababu sheria ya faragha inatukataza kusoma jeni za kitovu. Tunasoma alama tu. Jina la mwenyewe tunaamini lile ulilobandika."

"Asiyekuwa na kitovu je? Sisi tuliozaliwa kabla ya sheria?"

"Nyie si mlitoa damu mkiwa wazima? Ramani ya ukubwani. Haifikii ya kitovu lakini inafanya kazi vizuri tu. Ila lazima itolewe kabla ya ugonjwa. Huyu binti kwa mfano, sasa hivi haiwezekani, vile vidonge vimevuruga alama mwili mzima. Angetoa mwaka jana tu, hata mwaka jana mwezi wa kumi, ningeifanyia kazi." Akanirudishia karatasi, ameshasaini. "Lakini ya nini? Kitovu chake kipo. Asipotibiwa atafika masika, labda. Akitibiwa, ataishi mpaka aniletee wajukuu wake hapa."

Nilishuka ngazi na karatasi yake iliyosainiwa mkononi.

*

Jumanne nilimkuta Subilaga jikoni anamenya ndizi za kumpelekea Atupele wodini. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu, ya kutwa, na moshi umejaa mpaka macho yanawasha. Aliponiona akasema, "Afadhali umekuja. Alhamisi utatuombea? Nimeshamwambia mchungaji." Kisha akaniangalia vizuri. "Kuna nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia nimesimama, maana nilijua nikikaa sitamaliza. Sikuzunguka. Nilimkumbusha siku ile, kichupa kile, nikamwambia walichokuwa wanakitaka vijana wa wizarani kumbe kilikuwa uhai wa mtoto wake na sisi wawili tukaufukia.

Alimaliza kuimenya ile ndizi iliyokuwa mkononi. Akaiweka kwenye maji. Akanyanyuka, akachukua jembe nyuma ya mlango, akatoka kwenye mvua hivyo hivyo bila kitu kichwani.

"Subi! Subi, ngoja!"

"Nakumbuka mahali," alisema. "Mama mkwe alizika upande wa mlimani. Nakumbuka kabisa."

Wenye migomba mnajua kwamba mgomba haukai ulipopandwa. Mama anakatwa, mtoto anaota pembeni, naye anazaa pembeni, na baada ya miaka ishirini shina zima limehamia kwingine na hakuna aliyeliona likihama. Subilaga alichimba pale alipokumbuka. Akachimba hatua mbili mbele. Nikachukua panga nikawa nakata mizizi. Tulitoa udongo mweusi, minyoo, kipande cha sufuria, udongo tena. Tulichimba kama wendawazimu, matope mpaka magotini, na mimi najua, haki ya Mungu nilijua tangu jembe la kwanza, kwamba udongo ule unaoozesha gogo kwa miaka mitatu hauwezi kuwa umetunza kitu laini kama kile kwa ishirini na miwili. Lakini ungemwambiaje aache?

Aliacha mwenyewe. Alikaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ndani.

"Mimi ndiye niliyekuomba," alisema.

"Mimi ndiye niliyekata."

"Alikuwa wa tatu, Mama Lusajo. Nilitaka huyu tu atulie. Asiondoke kama wale." Akalia sasa, kwa sauti, na mimi nikashuka shimoni nikamkumbatia kiunoni, na tulikuwa wachafu wote wawili kama nguruwe.

Baadaye akashika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukauma. "Basi usiseme. Mwache apewe Alhamisi."

"Atakufa ndani ya siku nne, Subi. Daktari kasema."

"Kasema panya! Mwanangu si panya!"

"Subi."

"Basi mwambie kichupa kimeharibika." Alisema hivyo kwa haraka, kama jambo lililokuwa limeshamkaa mdomoni. "Friji liliharibika, umeme ulikatika, kitu chochote. Asipewe hiyo mbaya, na wewe usifungwe. Ukifungwa itamsaidia nini? Nitabaki sina mtoto na sina rafiki."

Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilipokuwa nashuka kwenda barabarani na matope yangu nilikuwa nafurahi, maana nilikuwa nimelifikiria lile la friji tangu ngazi za kwa Daktari na nilikuwa naona aibu kulifikiria peke yangu.

*

Jumatano saa nane nikaingia wodini. Atupele alikuwa ameegemea mito miwili, kitambaa cha maua kimefungwa shingoni kuficha uvimbe. Huyu binti ni fundi wa vipima mvua huko kwenye mashamba ya chai, anapanda minara ambayo wanaume wanaikwepa, na ana mdomo, Mungu wangu.

"Mama mdogo! Leo umekuja mikono mitupu? Hata parachichi moja? Mnanisusa mapema hivyo?"

"Nyamaza, mnafiki, juzi nilikuletea sita."

"Yaliisha juzi hiyo hiyo. Huyu mgonjwa wa kitanda cha pili ni mwizi." Mama wa kitanda cha pili akacheka huku anakohoa. Atupele akanitazama usoni na akashusha sauti. "Mama jana hakuja. Kuna nini?"

Nikavuta kiti. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima na yalitoka yamenyooka, bila kukwama, kama ya mtu aliyezoea.

"Mwanangu, kichupa chako kimeharibika. Friji lilikufa wakati wa ule upepo wa mwaka jana na hatukujua. Kitovu chako kimeoza. Hawawezi kukutibu kesho."

Hakulia. Aliangalia dirishani, mvua inateremka kwenye kioo. Kisha akageuka, akaona machozi yananitiririka, akanyoosha mkono wake, mwembamba, wa baridi, akanipangusa shavu.

"Pole, mama mdogo," alisema. "Usilie hivyo. Si kosa lako. Vyombo vinaharibika, mimi mwenyewe ni fundi, najua."

Jamani. Angenitukana ningevumilia. Angenipiga kofi ningelipokea na kwenda nyumbani na uongo wangu. Lakini mtoto ananibembeleza mimi! Yeye ndiye anayekufa, na ananibembeleza.

"Si friji," nikasema.

"Eti?"

"Friji ni zima. Nimekudanganya sasa hivi." Nikamweleza yote. Vijana wa takwimu, mama yake na kile kichupa, wembe wangu, jina lake kwenye kitovu cha mtoto ambaye hata simkumbuki ni nani. Shimo la jana. Nikamwambia kwamba kesho wakimpa ile dawa itamuua, na wasipompa ugonjwa utamuua, na kwamba njia ya tatu haipo. Mama wa kitanda cha pili alikuwa amegeukia ukutani, amejifunika shuka mpaka kichwani ili asisikie.

Atupele alikuwa amerudisha mkono wake. Alijifunga upya kile kitambaa, taratibu, fundo la kwanza, la pili.

"Mama alitaka nitulie mahali," alisema. "Na mimi kazi yangu kupanda minara." Akacheka kidogo, kicheko kikavu, kikaisha. "Mama simlaumu. Na wewe kwa siku ile sikulaumu. Mliambiwa takwimu."

Nilitaka kumshukuru. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Ila nikuulize, mama mdogo. Bibi yangu hakuwa na kitovu, na alitibiwa kwa Mkunjo, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Alitibiwaje?"

"Alitoa damu," nikasema. "Kabla hajaugua."

"Kumbe mtu akiwa mzima anaweza kutoa damu."

"Anaweza."

"Na wewe ulijua lini kwamba vitovu ni vya kutibia? Ulijua lini, kwamba mimi sina?"

Kulikuwa na mhudumu anapitisha toroli la chai, magurudumu yanalia. Nilisubiri lipite. Lilipopita sikuwa tena na cha kusubiri.

"Miaka kumi," nikasema.

Alihesabu. Nilimwona anahesabu kwa vidole juu ya shuka, kama mtoto wa shule.

"Nilikuwa darasa la sita," alisema. "Nilikuwa napita ofisini kwako nikitoka shule. Ulikuwa unanipa karanga." Sauti yake ilianza kupasuka. "Kila siku napita pale, mama mdogo. Mzima. Damu yangu yote ninayo. Ungesema tu ingia ndani, toa damu. Ungenidanganya hata ni ya malaria!"

"Ndiyo."

"Hukufikiri hata kunidanganya!"

"Niliogopa, mwanangu. Niliogopa jela."

Hapo ndipo alipolia. Alilia amejikunja, ameniwekea mgongo, na nilipomgusa bega akautikisa mkono wangu ukatoka. Sikumgusa tena. Nilikaa pale pale, kwa sababu kuondoka kungekuwa rahisi, na ya rahisi nilikuwa nimeyafanya miaka kumi. Mvua ilipungua, ikazidi tena. Mama wa kitanda cha pili alikuwa analia naye chini ya shuka, kimya kimya.

Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Tuko wangapi?"

"Kumi na saba, pamoja na wewe."

"Wengine wanaumwa?"

"Hakuna. Bado."

"Waandike."

Nilikuwa na bahasha ya mshahara kwenye mkoba, nikageuza nyuma yake nikaandika. Majina yote nilikuwa nayo kichwani. Miaka kumi nilikuwa nayarudia kila nikiingia kulala, nikijihakikishia kwamba wenyewe ni wazima. Nilipomaliza aligeuka, macho yamevimba, akanipokonya bahasha. Alisoma polepole. Kidole chake kikasimama kwenye jina la sita.

"Ipyana. Huyu nimesoma naye. Alikuwa ananiibia penseli." Akanirudishia. "Anza na huyu. Mpigie mama yake sasa hivi, hapa, nisikie."

"Atupele, nikishapiga..."

"Watakufunga. Najua. Piga."

Nikapiga. Simu iliita mara nne, na kila ikiita, naona aibu kusema, nilikuwa naomba isipokelewe. Ikapokelewa. Nyuma yake kulikuwa na kelele za sahani na mtu mzima anacheka.

"Haloo, Mama Ipyana? Ni mimi Sekela, wa Hazina ya Vitovu."

"Eee, dada Sekela! Umepotea! Habari za siku?"

"Nzuri. Mama Ipyana, Ipyana hajambo?"

"Mzima kabisa, yuko hapa anakula, anamaliza chungu chote. Kwani vipi?"

Niliangalia kitandani. Atupele alikuwa ameegemea mito yake, mkono shingoni, ananitazama mdomoni kama mtu anayengoja kuambiwa jambo linalomhusu yeye.

Nikamweleza Mama Ipyana hiyo "kwani vipi" yake: kile kichupa, na damu ambayo Ipyana bado anaweza kuitoa.